Programu zihakikiwe kwa majina yetu

Miaka michache iliyopita, juma moja kabla ya mahafali, binti mmoja niliyekuwa nikimfunza isimu alibisha mlango wa ofisi yangu huku machozi yakimlengalenga. Orodha ya wahitimu ilikuwa imebandikwa asubuhi hiyo na jina lake halikuwamo. Alikuwa amekwisha kuzunguka ofisi tatu. Katika kila ofisi karani alitazama kioo cha tarakilishi, akatikisa kichwa, akamwambia maneno yale yale: mfumo unaonyesha kwamba hukufanya mitihani ya masomo matatu. Mojawapo ya masomo hayo lilikuwa langu. Nilifungua kabati nikatoa karatasi zake za mtihani, nilizozisahihisha kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa amepata alama 72.

Kosa la binti huyo lilikuwa moja tu: jina la ukoo wake lina ng'.

Tuliyagundua hayo baada ya mahafali kupita. Chuo kilikuwa kimenunua mfumo mpya wa kuhifadhi matokeo. Walimu watatu tulikuwa tumepeleka alama zetu katika faili, na jina la binti tukaliandika ipasavyo, pamoja na ritifaa yake. Katika masomo mengine makarani waliingiza alama wao wenyewe, na kwa kuwa mfumo uliwakatalia ritifaa, waliiacha. Sasa ritifaa, katika lugha inayotumiwa kuiamuru hifadhidata, ndiyo alama ya kuonyesha maneno yanapoanzia na yanapoishia. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutenganisha jina na amri. Hiyo yetu haikufanya hivyo. Ilipofika kwenye ng' ilidhani jina limekwisha, ikachanganyikiwa na herufi zilizofuata, ikauruka mstari mzima pamoja na namba ya usajili na alama, kisha ikaendelea na kazi bila kumwambia mtu yeyote. Wanafunzi wengine kadhaa wenye majina ya aina hiyo walipoteza somo moja au mawili kwa njia iyo hiyo.

Nilimwendea kijana fundi aliyekuwa akiutunza mfumo huo. Alinipokea kwa adabu.

"Daktari, mfumo huu tuliujaribu mwezi mzima na ulifanya kazi bila tatizo," aliniambia.

"Mliujaribu kwa majina gani, ndugu yangu?"

Alinifungulia orodha. Niliona John wa Kwanza, John wa Pili, John wa Tatu, hadi John wa Hamsini.

Siandiki makala haya kumlaumu kijana huyo. Alifanya kama alivyofunzwa. Naandika kwa sababu katika nchi ambamo Ng'ang'a, Nyong'o, Wang'ombe, Nyang'au na Chepng'etich ni majina yanayoitwa katika madarasa yetu kila asubuhi, mfumo ulipita majaribio ya mwezi mzima bila ya mtu hata mmoja kufikiria kuujaribu kwa jina lenye ng'. Hilo si jambo la ufundi peke yake. Ni jambo la elimu, na linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wetu.

Kwanza tuafikiane kuhusu istilahi. Wengi hutumia neno kujaribu, na anayeifanya kazi hiyo wangemwita mjaribu. Bahati mbaya jina hilo limekwisha kutwaliwa: wasomaji wa Biblia wanajua mjaribu ni nani. Mimi napendelea uhakiki, na anayeufanya awe mhakiki. Wanafunzi wa fasihi watalalamika kwamba nimewapora neno lao, lakini kazi ni moja. Kuhakiki ni kutafuta hakika ya jambo, na maneno hakika na haki yana asili moja katika Kiarabu. Nitaurudia undugu huo baadaye.

Uhakiki wa programu ni nini basi? Wengi hudhani kwamba ni kuonyesha kuwa programu inafanya kazi. La hasha. Ni kutafuta, kwa makusudi na kwa mpango, mahali inaposhindwa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na mwalimu wa sarufi anaielewa pengine kuliko mtu mwingine yeyote. Chukua mwanafunzi anayedai kwamba kila nomino inayoanza kwa ki- huchukua upatanisho wa ki-. Anajaribu kiti: kiti kimevunjika. Anajaribu kisu, kikombe, kitabu, kijiko na kibanda. Anaweza kuendelea hivyo hadi nomino 100, na kila moja itamzidishia imani. Kisha mwenzake aliyekaa nyuma ya darasa anauliza, "Na kijana je?" Kijana ameanguka. Kipofu amefika. Kifaru amejeruhiwa. Neno moja limeiangusha kanuni ambayo maneno 100 yaliisimamisha.

Yule mwanafunzi wa nyuma ndiye mhakiki. Mtaalamu mashuhuri wa tarakilishi kutoka Uholanzi, Edsger Dijkstra, alilieleza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960 aliposema kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa programu ina makosa, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kuwa haina. Ndiyo maana John wa Kwanza hadi John wa Hamsini hawakuwa majaribio 50. Walikuwa jaribio moja lililorudiwa mara 50.

Mhakiki stadi hafanyi hivyo. Huyagawa mambo katika makundi na kuchukua mfano mmoja kutoka kila kundi, kisha hukaa sana mipakani, kwa kuwa makosa hupenda mipaka. Iwapo alama ya kufaulu ni 40, hatapoteza muda kwa 55 na 63. Ataingiza 39, 40 na 39.5. Ataingiza 0 na 100, kisha -1 na 101, kisha aache nafasi tupu, kisha aandike neno mahali pa tarakimu. Atauliza itakuwaje makarani wawili wakibadilisha alama ya mwanafunzi mmoja kwa wakati mmoja, au umeme ukikatika katikati ya kazi. Kila sehemu ya programu huhakikiwa peke yake kwanza. Halafu sehemu zilizounganishwa. Halafu mfumo mzima. Halafu mfumo hupewa wale watakaoutumia, wautumie kama wanavyofanya kazi siku zote. Na kila marekebisho yanapofanywa, hata yakiwa madogo namna gani, yale yaliyokuwa yakifanya kazi jana huhakikiwa tena leo, kwani mara nyingi dawa ya kosa moja huzaa jingine.

Tena, uhakiki si kazi ya siku ya mwisho. Anayeungoja mfumo ukamilike ndipo auchunguze ni sawa na mwalimu asiyetoa zoezi lolote mpaka siku ya mtihani wa taifa. Ubora hutunzwa tangu mwanzo: mahitaji yaandikwe kwa lugha isiyo na utata, mwandishi mmoja asome kazi ya mwenzake, na kila kosa lililogunduliwa liandikwe pamoja na chanzo chake. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Aliyeiandika programu anajua njia aliyoikusudia, na mikono yake huifuata njia hiyo bila yeye kufahamu. Ndiyo sababu anahitajika mtu mwingine.

Ulimwengu umelipia sana kupuuza somo hili. Baina ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyoundwa na kampuni ya Kanada, iliwamwagia wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vya kuzuia ajali ya namna hiyo. Katika hii mpya vizuizi hivyo viliondolewa na programu ikaaminiwa peke yake. Kampuni iliposikia malalamiko, jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Waliolivumbua kosa hawakuwa waliounda mashine. Katika hospitali moja mjini Tyler, jimbo la Texas, mwaka 1986, mtaalamu wa fizikia na mwendeshaji wa mashine walikaa wakirudia tena na tena yale yaliyofanyika siku ya ajali, mpaka wakaweza kuiamsha hitilafu watakapo. Mwendeshaji huyo alikuwa mzoefu na alichapa upesi. Alipokosea aina ya mionzi alirudi juu, akasahihisha herufi moja na kuendelea. Mashine nayo ilihitaji sekunde zipatazo nane kujipanga, na masahihisho yaliyofanywa ndani ya sekunde hizo hayakuonekana na programu. Anayechapa polepole, kama afanyavyo mtu anayeujaribu mtambo mgeni, hangeliona kosa hilo hata akikesha. Lilimngoja mtu aliyeijua kazi yake vizuri.

Nasi hapa nchini tuna mfano wetu. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, Wakenya waliokuwa wakitazama matokeo kwenye televisheni waliona idadi ya kura zilizokataliwa ikipanda mpaka ikapita laki tatu. Mjadala mkali ukazuka kama kura hizo zihesabiwe katika kukokotoa asilimia ya mshindi. Baadaye tume ya uchaguzi yenyewe ilieleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Nauliza kama mwalimu: kosa la aina hii linahitaji uhakiki wa kiwango gani? Weka kituo kimoja cha mfano chenye kura tano zilizokataliwa. Ukiona 40, simamisha kazi. Taifa lililotoka kwenye umwagaji damu wa mwaka 2007 na 2008 halikustahili kuachwa likihangaika kwa ajili ya kosa ambalo mtoto wa darasa la nne angeligundua kwa penseli.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo lilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Wasimamizi wa posta ndogo ndogo mitaani na vijijini waliona vioo vikiwaambia kwamba fedha zimepungua. Wengi wao walipiga simu kueleza kwamba hesabu haiingiliani. Wakaambiwa walipe. Baina ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia ya wizi, ulaghai au udanganyifu wa hesabu. Wengine walifungwa jela, wengine walifilisika, wengine walijiua. Sheria ya huko ilichukulia kwamba tarakilishi inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na msimamizi wa posta ya kijijini angethibitishaje? Mnamo Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na makosa yaliyoweza kuleta upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla.

Tutazame visa hivi pamoja. Mwendeshaji wa Tyler, msimamizi wa posta na binti wa darasani mwangu walikutana na ukuta mmoja. Kila mmoja wao alisema, "Mashine imekosea," na kila mmoja akajibiwa kwamba mashine haikosei, wewe ndiwe uliyekosea. Programu isiyohakikiwa haiwadhuru watu wote kwa kiasi kimoja. Mkubwa akionewa na tarakilishi hupiga simu na mambo hurekebishwa kabla ya chai ya saa nne. Mnyonge huambiwa mfumo umesema.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba uhakiki ni gharama, kwamba wafadhili wanataka kuona uzinduzi, kwamba waziri amekwisha kupangiwa siku ya kukata utepe. Nitaambiwa pia, na hili ni kweli, kwamba haiwezekani kuhakiki kila kitu. Hata fomu fupi yenye nafasi kumi za kujaza ina michanganyiko mingi kuliko siku za maisha ya mtu. Nakubali. Hata hivyo, kutoweza kuhakiki kila kitu si ruhusa ya kuhakiki John peke yake. Kwa sababu muda ni mfupi, ndipo inapotupasa kuchagua majaribio kwa busara, tukianza na yale yatakayomuumiza mtu iwapo yatakwenda kombo. Na gharama hailipwi na yule anayeiepuka. Chuo kiliokoa fedha za juma moja la kazi. Binti yule akapoteza mwaka mzima.

Wapo pia wanaodai kwamba siku hizi, akili unde inapoweza kuandika programu kwa dakika chache, wasiwasi huu umepitwa na wakati. Naona ni kinyume chake. Kuandika kumekuwa rahisi, na kwa hiyo kutakuwa na programu nyingi zaidi ambazo hakuna mtu aliyezisoma kwa makini. Mashine inayoandika kwa kuiga yaliyokwisha kuandikwa itaiga pia John wa Kwanza hadi John wa Hamsini.

Tufanyeje basi? Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha mafunzo ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua njema. Ombi langu ni kwamba tusiwafunze watoto kuandika tu. Mwanafunzi akimaliza programu yake, mpe mwenzake aivunje. Mwenye kuandika apate alama, na mwenye kugundua kosa apate alama vilevile, bila ya mmoja kumwona mwenzake adui. Hili litakuwa gumu kwetu, kwa sababu tumezoea kuuliza darasa, "Mmeelewa?" na kupokea "Ndiyo mwalimu!" ya sauti moja. Anayenyosha mkono na kusema hajaelewa tunamwona mzito; anayeuliza, "Na kijana je?" tunamwona mtundu. Tunasema kuuliza si ujinga, halafu tunamkaripia anayeuliza. Shule inayozalisha wajibu maswali bila waulizaji haiwezi kuzalisha wahakiki.

Walimu wa lugha nao wasidhani kwamba hii ni kazi ya wenzao wa hisabati. Nani anayejua majina ya nchi hii kuliko sisi? Tunajua kwamba ng' ni sauti moja na kwamba ritifaa yake si pambo. Tunajua kwamba wapo watu wenye jina moja na wenye majina matano, kwamba pwani kuna bin na binti na Al- yenye kistari, kwamba wapo wanawake wenye jina moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine katika kitambulisho, na kwamba wapo wazee wasiojua siku waliyozaliwa. Kila idara ya lugha katika vyuo vyetu ingeweza kuandaa orodha ya majina 200 magumu, iwe mali ya umma, na mfumo wowote unaokusudiwa kuwasajili Wakenya upitishwe humo kabla ya kulipiwa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mwalimu na wanafunzi wake kwa muhula mmoja.

Kwa upande wa wanunuzi, yaani vyuo, hospitali, kaunti na wizara, nina mapendekezo matatu. La kwanza, mkataba uyataje majaribio yatakayofanywa na matokeo yanayotarajiwa, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya matokeo hayo kuonekana. La pili, mfumo wa zamani na mpya viendeshwe sambamba kwa muda, na hesabu zake zilinganishwe. Kama tungefanya hivyo kwa muhula mmoja tu, alama za binti yule zingeonekana upande mmoja na kukosekana upande wa pili. La tatu, na ndilo kubwa, mtu akisema mashine imekosea, asikilizwe kwanza. Karani apewe idhini ya kusema, "Ngoja tuchunguze," bila kuogopa mkubwa wake. Lalamiko la mtumiaji ni uhakiki wa bure.

Binti yule alihitimu mwaka uliofuata. Shule iliyokuwa imemwahidi kazi haikuweza kumngojea, na mama yake, aliyekwisha kuwaalika majirani, ilimbidi awaeleze kwamba mwanawe hakufeli. Sidhani kwamba wote walimwamini. Mfumo ulirekebishwa kwa muda wa alasiri moja.

Nilisema kwamba hakika na haki yana asili moja. Ninapowafunza wanafunzi wangu somo la asili ya maneno huwapa mifano hiyo miwili, na tangu mwaka ule huwaeleza pia habari za jina lenye ng'. Naomba walimu wenzangu wawaeleze wao wao. Miongoni mwa hao walioketi mbele yetu wamo watakaoiandika mifumo ya nchi hii, na wamo ambao majina yao yatarukwa.